Ruhusa ya Msiba

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na sare zenu, mimi ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na karatasi hii ilikuwa isomwe na binamu yetu mwenye sauti nzuri, nikamwomba anipe, akanipa haraka kwa sababu ananijua. Kabla sijaanza niseme jambo moja, maana tangu asubuhi nasikia minong'ono huko kwenye viti vya nyuma, mara binti amezimia, mara amegombana na mama yake. Binti wa pekee wa marehemu hatakuwepo kaburini leo, yuko hospitali, amekwenda kwa miguu yake mwenyewe kupimwa kifua, na mimi shangazi yake ndiye niliyemwambia aende. Nikimaliza kusoma mtakuwa mmeelewa, na atakayebaki na lawama aanze na mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya chumba na sebule iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, na mama alikuwa akisema huyu alijifunza kulia kwa sauti kubwa ili asikike. Alianza shule ya msingi Januari 1974, akamaliza mwaka 1980, mwandiko ulikuwa mzuri, hesabu tuziache. Sare alikuwa nayo moja tu, lakini kila jioni aliilaza chini ya godoro ikiwa imekunjwa, asubuhi ikatoka imenyooka utadhani ana mtumishi, na sisi wadogo zake tulilala juu ya godoro hilo kwa adabu, ukigeukageuka unapigwa kofi.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha kufulia, kinachofua mashuka ya hoteli na ya hospitali, akaanzia meza ya kukunja, baadaye akahamishiwa chumba cha pasi, akakaa humo hadi mwisho. Ndiko alikopewa jina la Mstari, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilikuwa na mstari ambao hata ukikaa juu yake kutwa haupotei. Chumba chenyewe mnakijua ninyi mnaofanya kazi humo, na kwa wasiokijua niseme ni cha joto, madirisha hufungwa vumbi lisiguse mashuka meupe, mvuke umetanda, watu wamebanana, anachopumua huyu ndicho anachopumua yule.

Tarehe 21 Disemba 1991 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, walifahamiana baada ya kaka kumwunguzia blauzi kwenye kola, nguo pekee aliyowahi kuunguza maisha yake yote, na hadi anakufa hakukubali kwamba macho yake yalikuwa kwingine. Wifi alikwenda kudai blauzi, akarudi na mchumba, blauzi hajalipwa hadi leo. Walijaliwa mtoto mmoja, huyo binti, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1996, na kaka alimpenda hadi tukamsema, kwani alimpigia pasi hata soksi za shule. Binti alipomaliza sekondari, kazi zikiwa za kutafuta kwa tochi, baba yake alimwombea nafasi pale pale kiwandani, akapangiwa meza ya kukunja mashuka jirani na pasi ya baba yake. Siku ile tulifurahi, tukapika, tukala, tukasema mtoto atakuwa chini ya jicho la baba.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi hii imeandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na ni kwa ajili ya maneno hayo nilitaka kuisoma mimi, kwa sababu si kweli, aliugua kwa muda mrefu, ila aliruhusiwa kuugua kwa muda mfupi. Kikohozi kilimwanza mvua za mwaka jana. Pale kiwandani kila asubuhi msimamizi husimama getini, huuliza wazima, na watu wote hujibu wazima, na anayesema ana homa hurudishwa nyumbani, siku yake hailipwi, na akirudi anaweza kukuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Salamu hii tuliyolelewa nayo, ambayo hata mtu aliyelala chali kitandani huijibu kwamba ni mzima kidogo anamshukuru Mungu, pale imekuwa kiapo.

Basi kaka alijibu mzima akiwa na homa, akajibu mzima baada ya usiku wa jasho la kukamua shati, akajibu mzima huku suruali zake mwenyewe zimemlegea, mkanda umetobolewa matundu mapya. Alijifunza kusubiri mashine kubwa zianze kukamua ndipo akohoe, kelele zimfunike, na nyumbani, ambako hakuna mashine, aliuziba mdomo kwa taulo. Mganga wa zahanati alimwambia aende kliniki ya kifua, na kliniki hiyo hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa zile zile za kazi, naye siku yake ya mapumziko ni Jumapili. Alipojipa moyo akaomba ruhusa, msimamizi, ambaye naye ana watoto wa kulisha na sina ugomvi naye, alimjibu kwamba kwenda anaweza, ila pasi haiwezi kumsubiri.

Bosi yuko hapa, ametuheshimu kwa kuja, jeneza hili amelilipia yeye, na sikusimama hapa kumvunjia heshima. Katika mkutano wa mwezi wa pili fundi wa mashine alisimama akaomba mtu aliyethibitishwa na daktari kuwa ni mgonjwa alipwe siku zake, na bosi akajibu kwa upole kabisa kwamba akianza kulipa wagonjwa, ikifika Ijumaa kiwanda kizima kitakuwa kitandani. Watu walicheka, na kaka aliniambia naye alicheka, maana kicheko kilimpa nafasi ya kukohoa. Lakini bosi wetu, ruhusa ya msiba unailipa, siku tatu kwa aliyefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, na hawa wote leo wamelipwa kutwa nzima waje kuzika, utaratibu uliouanzisha mwaka uliofiwa na mama yako, na ulifanya jambo jema, Mungu akuzidishie. Miaka yote hiyo hatujasikia mfanyakazi aliyemwua mama yake ili apate siku tatu. Kwa nini basi mtu aaminiwe akifiwa, asiaminiwe akiugua, mimi sijui, labda nyinyi mliosoma mnajua.

Tarehe 25 Aprili mwaka huu alianguka kando ya pasi, wenzake wakamtoa hadi getini ndani ya toroli la mashuka, na hospitali wakamkuta na kifua kikuu kilichokwisha kula pafu moja na kuanza la pili. Dawa yake ni ya bure, na ingemponya kama angefika mapema, daktari alituambia hivyo huku anaangalia sakafu. Alilazwa juu ya mashuka ya kiwanda chake mwenyewe, na siku ya kwanza aliyopata nguvu alishika ncha ya shuka, akaligeuza, akasema hili limepigwa pasi na mtu wa zamu ya jioni, tukacheka wote wodi nzima. Alitutoka Jumatano tarehe 7 Juni 2023, alfajiri, mke wake akiwa amemshika miguu ambayo ilikuwa imeanza kupoa.

Na binti anakohoa. Wauguzi walituambia sote tuliokaa naye karibu tupimwe, sisi wa nyumbani tukaenda, yeye hakwenda, kila asubuhi alikuwa getini anajibu mzima, kwa sababu baba alikuwa kitandani na mshahara uliobaki nyumbani ni wake. Baba alipokufa ndipo alipopata siku tatu zenye malipo. Alhamisi iliishia mochwari na kwenye mambo ya jeneza, Jumamosi kliniki imefungwa, imebaki leo Ijumaa, na leo ndiyo tunazika. Asubuhi alisimama uani amevaa nguo zake nyeusi, akaniuliza, shangazi nifanyeje, nikamwambia baba yako hakuacha nyumba wala kiwanja, alichokuachia ni siku hizi tatu, usiitupe hii. Akaingia ndani, akaweka mkono juu ya jeneza kwa muda, akatoka kwa mlango wa nyuma ili msimwone. Sasa mnajua aliko, na ninyi wa chumba cha pasi mliovuta hewa ile ile naomba mjiulize mtapimwa siku gani.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye hata walipoona hakuna tena la kufanya, majirani waliotuletea maji, viti na maturubai bila kuombwa, wafanyakazi wenzake waliomsukuma kwenye toroli lile wakikimbia, msimamizi aliyekuja kumwona wodini akalia, na bosi kwa jeneza na usafiri. Kila mmoja ambaye sikumtaja, tafadhali apokee shukrani zetu.

Limebaki moja. Jana jioni tulipokuwa tunapanga mambo ya leo niliuliza, kama mtoto akikutwa na ugonjwa, ana miezi sita ya dawa, na wiki za mwanzo hatakiwi kukaa chumba kimoja na watu, atalala kwa ruhusa gani? Akajibu wifi, ambaye tangu msiba uanze hajasema maneno ya kujaza kiganja.

"Mimi bado nipo," alisema. "Nikifa atapata nyingine tatu."

Hakuwa anatania, na mimi neno hilo nimelileta hapa mbele ya bosi na mbele yenu wote kama lilivyosemwa, silipambi.

Pumzika, kaka. Hilo la kwa amani nitakuja kukuambia, majibu ya mtoto yakitoka.