Maeng Du-shik na Jina la Soraemi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Maeng Du-shik, mwigizaji aliyefariki juzi akiwa na miaka sabini na moja. Ndiyo, yule yule. Muuaji wa filamu iliyotoka kwa jina la Mvua ya Soraemi, aliyewafanya wengi wenu mchungulie uvunguni kabla ya kulala. Msikatae, tunajuana.

Du-shik alizaliwa Soraemi, mji mdogo wa matufaha. Kwa miaka mingi aliigiza watu wasio na majina: polisi wa pembeni, mlevi wa kupigwa. Hatimaye akapewa nafasi ya muuaji. Mwongozaji alitaka mji wa kubuni. Du-shik ndiye aliyeomba mji wake utajwe, kwa jina lake halisi. Alikuwa ameona miji mingine ikifurika wageni baada ya kuonekana kwenye filamu. Alidhani anawapelekea watu wa kwao zawadi.

Soraemi wakashangilia. Wakatundika bango sokoni: “Hongera Du-shik, mwana wetu!” Kisha wakaenda kuitazama filamu.

Kesho yake bango liliteremshwa.

Huko Seoul wahakiki waligawanyika. Wengine waliisifu, wengine wakasema inashabikia damu. Soraemi hawakuwa na muda wa uhakiki. Wazazi walihamishia mabinti zao shule za miji mingine. Wateja wa matufaha waliuliza kama ndani ya masanduku hamna vichwa vya watu. Wenyeji wakaomba jina la mji wao liondolewe kwenye filamu. Kampuni ikakataa, filamu ilikuwa inauza.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, Du-shik alimpigia simu dada yake Ok-bun, muuza tofu sokoni, ile jibini laini ya soya. Alitaka kwenda kufyeka nyasi kaburini kwa baba yao.

“Usije,” Ok-bun akamwambia.

“Dada, ni kaburi la baba.”

“Baba hana haraka. Mimi ndiye ninayeshinda na hawa watu. Jana Mama Chil-sung kaniuliza kisu cha tofu nimekitoa wapi!”

Du-shik akacheka. Ok-bun hakucheka.

“Umetuua wote, Du-shik. Na hata kisu hukushika.”

Mwaka ule ule alipewa tuzo kwa uigizaji ule. Wenzake walimwonya: ukiisema kampuni vibaya, hakuna atakayekuita tena. Akapanda jukwaani, akakabidhiwa maua, akainama.

“Jina lile nililileta mimi,” alisema. “Naomba liondolewe. Ila mtu hawezi kuomba radhi amekumbatia maua. Mwongozaji, hebu nishikie.”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Simu yake nayo ikanyamaza, kwa miaka. Lakini jina likaondolewa. Ndiyo, wasikilizaji, jina liliondolewa.

Du-shik akarudi nyumbani, akasimama nyuma ya meza ya dada yake. Wiki ya kwanza watu walipita wakitazama pembeni. Kisha Mama Chil-sung, yule aliyeulizia kisu, akasimama mbele ya meza.

“We muuaji! Nikatie kipande. Na kisiwe kidogo, usije ukaniua kwa njaa.”

“Soko zima likacheka,” Ok-bun alituambia. “Yeye akalia, machozi yanadondokea kwenye tofu ya watu. Nikamwambia, chumvi hatuuzi hapa.”

Kesho anazikwa Soraemi, kando ya baba yake. Wanawake wa soko ndio wanaopika supu ya waombolezaji.

Dada Ok-bun, pole sana, wewe na ukoo wote wa Maeng. Nasi tuliobaki, tunapolitania jina la mji wa watu, tukumbuke kwamba huko kuna mtu aliyeamka asubuhi akafungua duka, na anasubiri mteja.