Mwalimu Paul Wepukhulu na Redio ya Mchana

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kituyi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Anayetaka kuondoka mapema aondoke sasa, kwa maana sitafupisha.

Mwalimu Paul Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 huko Kimilili, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1935, akasomea ualimu, akamwoa Rosebella Namalwa tarehe 5 Desemba 1942, na Mungu akawajalia Esther na Stephen, mnaowaona hapa mbele wakiwa peku.

Tarehe 10 Januari 1944 aliajiriwa katika shule ya shamba hapa Kapseret, na Februari 1952 Bwana mwenye shamba akaleta redio ya betri, ili watoto wafuate masomo ya Kiingereza yaliyotangazwa saa nne asubuhi. Saa nne walioko darasani walikuwa watoto wa karani na wa wanyapara, wale wa vibarua wakichuma pareto mpaka saa saba, ilhali mtihani wa darasa la nne ulikuwa mmoja kwa wote. Jambo hilo lilimuuma marehemu. Basi asubuhi alilisikiliza somo akalikariri, na mchana alijifungia stoo pamoja na redio iliyozimwa, akaingiza mdomo kwenye debe tupu, akalitangaza upya kwa sauti ya Kizungu, hata kikohozi cha mtangazaji hakukiacha, na watoto wa vibarua, upande wa pili wa mlango, wakaitikia wakiamini wanasikiliza redio kama wenzao. Mwisho wa mwaka waliwashinda watoto wa wanyapara.

Tarehe 11 Agosti 1953 betri mpya ilikutwa imekufa. Nyapara mkuu, Mzee Kibet, aliyekuwa akiibeba redio nyumbani kwake kila Jumamosi kustarehesha wageni, alimwambia Bwana kwamba mwalimu anaimalizia kwa watoto wa vibarua. Bwana akawaita wazazi, na nyinyi, kwa kujivunia watoto wenu, mkashuhudia, Mama Kageha akitangulia: "Bwana, hiyo redio inaongea kila mchana, hata mimi nikipita na debe ya maji naisikia." Rosebella alimsihi mumewe ajitetee, naye akakataa, akisema watoto wakijua walisomeshwa na debe watajiona wamepewa makombo, na mtihani umekaribia. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Redio haikusikika tena mchana, na nyinyi mkasema mwalimu mpya ni mchoyo.

Akapewa kazi kwenye tanuri la kukaushia pareto, vumbi na moshi vikamwingia kifuani, Januari mwaka huu sauti ikamkauka kabisa, na Alhamisi tarehe 2 Juni 1955 akafariki katika hospitali ya misheni, akiomba maji kwa vidole.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, waliofanya walivyoweza. Majirani, asanteni kwa ushahidi wenu. Walimu wenzake, mlioijua sauti ya Paul stooni mkanyamaza kwa kuitamani nafasi yake, asanteni kwa shada la maua. Mzee Kibet, redio uliyoileta ili itupigie nyimbo za maziko, mjane anaomba uirudishe kwako.

Lala kwa amani, kaka yangu. Neno ulilokataa kulisema nimelisema mimi, na watoto wako wa mchana wamelisikia.