Sola ya Mama Yake Msusi

Muuguzi alikuwa ametoka zamu na alitaka kusinzia kidogo, lakini kiti cha mbele yake kwenye basi kilimnyima usingizi. Msusi mmoja alikuwa akimsimulia dobi aliyekaa naye, ingawa hawakujuana kabisa, habari za sola aliyomfungia mama yake mzazi. "Miaka yote mama alibisha hodi kwa watu kuomba mafuta ya taa," alisema, kwa sauti ya kutosha basi zima. "Leo wao ndio wanaobisha hodi kwake kuchaji simu!"

"Hongera, dada," dobi akajibu. "Lakini mawingu yakitanda wiki nzima je? Na betri ikichoka, bei yake itakuliza."

"Nitasuka tena, kaka. Vidole ninavyo."

Muuguzi alitabasamu kimyakimya, maana hakuna aliyemwomba maoni.

"Na pasi? Sola hiyo haiwezi pasi," alisema dobi, kama mtu anayetetea ugali wake.

Basi likasimama. Dobi akashuka akitikisa kichwa. Msusi akachungulia dirishani, uso umemchanua. "Nguo mama atazilaza chini ya godoro zinyooke! Lakini taa, kaka, anaizima mwenyewe anapotaka kulala, si mafuta yanapomwishia!"