Kiduha Hakingoji Matanga

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni na nina neno ambalo sitaliweza mara ya pili. Nimewaita ninyi watoto wa dada yangu, Mwaisha na Salehe, kwa sababu ardhi yetu Waluguru hufuata tumbo la mama, na nikifumba macho shamba la mashimoni ni lenu. Asubuhi hii Chausiku, mke wa Salehe, aliniletea kiua chekundu, akakiweka juu ya mkeka wangu ili nifurahi. Nikamuuliza, umekichuma wapi, mama? Akasema kwenye shimo la tatu, katikati ya mtama. Asilaumiwe na mtu, yeye ni mgeni wa mlima huu. Lakini tangu hapo nimekifumbata ngumini na sijapata raha, kwa kuwa hicho ni kiduha, gugu linaloua mtama, na kiduha kimeanza kuchanua mimi nikiwa siwezi hata kukaa kitako.

Mnajua Mdachi alipopanda Kinole kutafuta ulanga, yale mawe yanayobanduka karatasi karatasi na kung'aa juani. Shamba la bibi yenu likapasuliwa mashimo matano, udongo mzuri ukafukiwa chini na kifusi kikakaa juu. Mimi nilikuwa mnyapara wa wachimbaji, na sitamsingizia mtu, chakula chao nilikileta mimi, mtama wa nyikani, magunia kwa magunia vichwani mwa wapagazi, tukaupepeta palepale kandokando ya mashimo. Ulanga ulipokwisha Mdachi akaenda zake, nikabaki kufukia kwa jembe na kapu. Mwaka wa kwanza mtama ukaota, na vijiua vyekundu katikati yake, nami mpumbavu nikamchumia marehemu mke wangu, nikamwambia, tazama, hata kifusi kimetoa maua! Mwaka wa pili mtama ukadumaa na kunyauka huku mvua inanyesha.

Sasa sikilizeni nililolificha, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Jirani yetu Mikidadi mtama wake ulikuwa umesimama, kijani kibichi, hatua chache tu kutoka kwetu. Nikasimama mbele ya wazee nikasema Mikidadi ameuroga mtama wangu. Nilikuwa mnyapara, nani angenibishia? Wakamfukuza, yeye na binti yake Mwanaheri aliyebeba vyungu vyao, wakashuka Mkuyuni. Mikidadi alipopita mbele yangu aliutua mzigo wake, akasema, "Rehani, usinitazame mimi. Ng'oa mtama wako, utazame mizizi." Basi, maneno hayo tu.

Kiburi kilinizuia miaka miwili. Siku nilipong'oa nikakuta mzizi wa kile kiua umeung'ang'ania mzizi wa mtama, unaunyonya chini kwa chini. Kumbe dawa ya Mikidadi ilikuwa kuinama kila asubuhi na kuking'oa kabla hakijachanua. Nilikwenda Mkuyuni kumtaka radhi nikaonyeshwa kaburi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi janga langu nilimlisha jirani, na hilo ndilo linaloniuma kuliko haya maradhi.

Tangu siku hiyo nimeng'oa miaka mitano, na mwaka jana shimo la kwanza na la pili hayakutoa hata shina moja la kiduha. Kwa hiyo msiniambie kwamba haiwezekani. Mbegu ya kiduha ni vumbi, hulala ardhini miaka na miaka ikingoja mtama, na kiua kimoja mkikiacha kikauke kitarudisha kazi yangu yote. Kilichong'olewa msikitupe njiani, kichomeni kwenye shimo la tano ambalo nililiacha wazi kwa ajili hiyo. Jembe lililolima mashimoni lioshwe kabla ya kwenda kwingine. Mwagieni samadi ya mbuzi, kwa kuwa kiduha hupenda ardhi yenye njaa, na mwaka ujao pandeni kunde mahali pa mtama. Mbegu ya nyikani, ndiyo iliyotuletea kiduha, isipande tena mlima huu, hata mkiletewa bure.

Salehe, maji. Kidogo tu.

Najua mnaogopa kusema, nami nitalisema. Nikifa, desturi ni kwamba jembe haliguswi mpaka matanga yaanuliwe, na siku hizo zikipita kiduha kitakuwa kimepasuka na kumwaga mbegu kila mahali. Kiduha hakingoji matanga. Nami nawaambia kinang'olewa kwa mkono, wala hamtagusa jembe lolote, basi mzee gani atawahukumu? Mtakapotoka kaburini, nendeni na waombolezaji wote mashimoni, kila anayenipenda anililie huku ameinama. Atakayesema hamna adabu, mwambieni ni amri ya mjomba.

Na Mwanaheri mwiteni kutoka Mkuyuni. Apewe shimo la kwanza na la pili, alime yeye na watoto wake, na ngoto, ile zawadi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, msimdai maisha. Mbele ya wazee walewale semeni kwamba Rehani alimzulia baba yake. Semeni kwa sauti. Mkinionea haya, mtakuwa mmenizika na uongo wangu.

Mwaisha, lete kigae cha moto. Nifungue vidole... taratibu, vimekakamaa. Kiko hapo? Kitie motoni, nikione. Hivyo. Hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu awape mgongo usiochoka kuinama. Awape mtama mzito. Awapatanishe... mimi nimewaridhia, wote wawili, na wewe Chausiku nimekuridhia, mwanangu, ua lako lilikuwa zuri.

Mbona mmekaa? Jua bado lipo. Chausiku abaki anishike mkono. Ninyi nendeni... shimo la tatu... anzeni chini, mkipanda nalo mpaka juu.