Sentimita Nne za Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi ni dada yake mkubwa, familia imenituma niwasomee maisha yake kwa kuwa nimezoea kusoma kwa sauti mbele ya watoto, naomba mnivumilie, nikikwama nitaanza tena sentensi.

Mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchomeleaji na mama mshonaji. Alianza shule Januari 1972, akamaliza sekondari mwaka 1983, kisha akasomea ufundi wa mitambo, akapata stashahada tarehe 28 Novemba 1986, na kusema kweli alikuwa mwanafunzi wa kuchosha, maana mwalimu akisema meza ina urefu wa mita moja, yeye aliipima kwanza ndipo akaandika.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kiwanda cha magari madogo, akianzia kwenye kupima milango, na hapo ndipo alipopata jina hilo, kwa ajili ya rula ya chuma iliyokuwa haimtoki mfukoni, wenzake wakimtania kila akipita, "Rula, njoo unipime kama bado naenea kwenye suruali hii," naye alipima kweli, na majibu akayasoma kwa sauti.

Alifunga ndoa na wifi yangu, karani wa maktaba, tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa mtoto mmoja tu, binti, tarehe 22 Aprili 1998, ambaye sote tulimwita Kidoti kwa sababu ya alama iliyokuwa chini ya jicho lake.

Kwa watoto mliopo hapa, nieleze kidogo kazi yake, bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Magari hupangwa kama ninavyowapanga nyinyi mstarini asubuhi, wafupi huku, warefu kule, na gari dogo ni lile ambalo urefu wake hauzidi mita tatu na nusu na injini yake haizidi lita moja, likizidi hata kwa upana wa kidole linahamia daraja la juu, na huko ni lazima ligongwe kwa majaribio mbele, ubavuni na nyuma kabla ya kuuzwa, lakini gari dogo hugongwa mbele tu. Ufundi wake, kama alivyonionyesha kwa viberiti juu ya meza ya jikoni, ni kuinyang'anya mashine nafasi na kumpa mtu, injini unailaza kwa upana, magurudumu unayasukuma mpaka pembeni kabisa, tairi la akiba unalificha chini, hadi watu watano waketi mahali ulipodhani hawatoshi watatu.

Mwaka 2001, wakati huo akiwa mchoraji wa bodi, yaani umbo la gari, gari jipya lilitoka kwenye michoro likiwa na mita tatu na sentimita hamsini na nne, mkuu wa idara akamwambia, "Rula, mstari ni mstari, tafuta pa kukata," akatafuta kwa wiki mbili, mbele hapakukatika kwa sababu ndipo pangegongwa kwenye jaribio, katikati palikuwa na miguu ya watu, akakata nyuma ya kiti cha nyuma, kwenye vyuma viwili ambavyo kazi yake ni kukunjika ili mtu asikunjike, na pembeni ya mchoro akaandika kwa mwandiko wake mzuri, "Hapa pana hewa tu." Alipandishwa cheo tarehe 1 Julai 2002, naye akanunua gari hilo, la bluu, na Kidoti akakabidhiwa kiti cha nyuma.

Ijumaa ya tarehe 17 Septemba 2004, saa saba na nusu mchana, akitoka kumchukua Kidoti shuleni, alisimama kwenye taa nyekundu, na lori la saruji lililokuwa likija polepole, nasema polepole kwa sababu ndivyo alivyosisitiza siku zote, halikusimama. Yeye alitoka bila mkwaruzo. Kidoti alikuwa na miaka sita na miezi minne.

Tulipokwisha kumzika, alikwenda kwenye uwanja wa polisi lilikovutwa gari, akapiga magoti nyuma yake na kupima, akarudi nyumbani, akamweleza mkewe alichokata na kwa nini, na wifi yangu akamuuliza, "Gari ulilipima, mwanangu ulimpima lini?" Hakurudia tena kuuliza, hakuondoka pia, waliishi nyumba moja karibu miaka ishirini, wakipokezana chumvi kwa adabu kama wageni.

Tangu mwaka 2005, kila tarehe 17 Septemba, marehemu alikiandikia kiwanda barua, jumla kumi na tisa, akiomba magari mawili yagongwe kwa nyuma kwa mwendo ule wa lori, moja likiwa na sentimita zake nne na jingine bila, na mwanasesere mwenye uzito wa mtoto akae kiti cha nyuma, hakuomba asamehewe wala aadhibiwe, aliomba ajue. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba daraja hili halihitaji jaribio hilo. Wenzake walimwambia kwa upendo, "Achana nayo bwana, lori lingemuua hata ndani ya basi," naye alijibu, "Nionyesheni." Mimi nilimwambia si kosa lako, kama ninavyomwambia mtoto aliyevunja kikombe, akanitazama, akasema, "Dada, hujui," na ni kweli, sijui.

Alianza kuumwa tumbo Oktoba 2022, ikabainika ni uvimbe kwenye kongosho, akafariki hospitalini Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini, bila kuonyeshwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala nasi hapa, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, ambao mmekuja wengi na shada kubwa, nawe mkuu wake wa idara uliyekuja na fimbo yako, tumekuona, ahsante.

Marehemu alinikataza kusoma kwamba alikuwa fundi hodari, alitaka niwaambie jambo moja tu, kuhusu kiti cha nyuma cha gari lile. Nje hapo nimehesabu magari saba ya aina ile, na makaburini ni mwendo wa dakika ishirini. Wazazi, naomba watoto wasiketi kiti cha nyuma, wala msiwahamishie mbele, maana hakuna anayejua, wateremsheni, waje kwangu wapange mstari, wafupi kwa warefu pamoja, tutamsindikiza kwa miguu.

Lala sasa, mdogo wangu, upumzike.