Mtungi wa Njano wa Bi. Jepkoech

Bi. Philomena Jepkoech anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi hii ya maji. Kumi alikaa Lodwar, kumi na sita Kakuma. Mimi nimelinda geti la kule na la huku, ndiyo maana nimeombwa nimzungumzie. Walioombwa kabla yangu walikuwa na kazi nyingi. Nimesema mimi, Natasha wa mapokezi ameandika, na nimemkataza kupunguza.

Alitoka Kapsabet kuja kuwa karani wa kupiga chapa, na viatu vya visigino. Changarawe ya Lodwar ilivimaliza mwezi mmoja. Akanunua akala za tairi sokoni, na kwa akala hizo aliwapokea wakubwa wote walioshuka kwa ndege.

Ofisi ilipofungua ukurasa wa simu, mwaka wa 2018, ili watu watoe habari za maji bila kusafiri, Nairobi walileta picha zao za kubonyeza. Jepkoech, aliyepewa kazi ya kuuandaa ukurasa huo, hakuziweka. Alizichapa kwenye karatasi, akazileta getini, akaniuliza kila moja ni nini. Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini hapa hakuna anayenishinda macho. Gurudumu la meno nikasema ni biskuti. Kioo cha kutafutia, kikaango. Bahasha, godoro. Wenye digrii walicheka. Yeye alifuta zote tatu. Tangu hapo ikawa sheria yake: picha isiyotambuliwa getini haiendi kwa wananchi. Zikipita kwangu, anazibeba hadi foleni za maji Kalobeyei na Lokichar, na kwa wakausha samaki wa Kalokol.

Picha ya kisima kilichoharibika ilimsumbua miezi miwili. Jibu nilimpa mimi, na Natasha aliandike: mtungi wa njano umelala chini, mdomo wazi. Kwenye foleni, mtungi uliolala hauna kitu. Kila mtoto wa Kakuma anajua. Miaka saba watu walibonyeza mtungi, na fundi alifika kesho yake.

Juni hii akaja meneja mpya, Bwana Kariuki. Alisema mtungi ni ushamba. Akaweka tone kwa habari za maji, na spana kwa kisima kilichoharibika. Jepkoech alimwomba azipitishe getini, dakika tano tu. Akajibiwa mbele yangu: "Madam, hii ofisi haiongozwi na soja asiyejua kusoma."

Lokichar, kulikochimbwa mafuta, walipoona tone wakadhani ni mafuta. Wakabonyeza kwa mamia, wakiuliza kazi ya kuchimba. Kalobeyei pampu ikafa, na hakuna aliyegusa spana. Spana ni ya fundi. Mchota maji anaigusia nini? Siku tisa hakukuwa na maji. Mwishowe mama mmoja mkimbizi, Mrundi, Caritas, akaja kwa miguu, mtungi kichwani. Akaulizwa mbona hakubonyeza.

"Nilitafuta mtungi wangu, haupo," alisema. "Nikajua mmetuacha."

Mkutanoni ikaamuliwa kwamba Jepkoech hakufundisha wananchi vizuri. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake, lililokuwa safi miaka ishirini na sita, ikiwa imebaki miezi miwili atoke. Alikuja getini, akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Mzee Ekiru, wangekuuliza, hata wewe ungewaambia." Kweli. Ningewaambia.

Jumatatu iliyopita mtungi ulirudishwa kwenye ukurasa. Nimebonyeza mwenyewe. Hakuna tangazo, hakuna aliyemwita kumwambia, na barua bado iko ndani ya faili. Basi anaambiwa hapa, mbele ya wote.

Mama Jepkoech, asante. Rudi Kapsabet kwenye mvua, upumzike, Mungu akuongezee siku. Barua ile ni ya wanaojua kusoma. Sisi wengine tulikujua kwa mtungi.