Bi Mizani na Ubao wa Kilo

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Bi Mizani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe. Kaka yake ndiye baba yetu. Mdogo wao wa kike alitangulia zamani, na aliyesababisha kifo chake hakuwahi kuulizwa. Marehemu alituachia kazi hiyo, na leo tunaifanya.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akajiunga na chuo cha ukunga. Alikuwa mwaka wa mwisho, Juni 1973, mdogo wake alipokuwa na mimba ya kwanza. Kliniki ya mtaani kwetu ilikuwa na ubao mweusi kwenye korido. Msimamizi aliamuru kilo za kila mjamzito ziandikwe pale kwa chaki, aliyeongezeka zaidi akae juu kabisa, eti wengine wapate funzo. Mdogo wake aliongezeka kilo tatu kwa wiki moja, uso umevimba. Hakupimwa presha. Alisomewa mbele ya benchi zima.

“Mama Gunia, funga mdomo!” msimamizi alimwambia, na korido nzima ikaangua kicheko.

Hakurudi tena. Wiki mbili baadaye kifafa cha mimba kilimchukua yeye na mtoto.

Marehemu hakulia mazikoni. Aliomba kupangiwa kliniki hiyohiyo. Tarehe 4 Februari 1974, siku yake ya kwanza kazini, aliung’oa ubao, akaubeba kichwani hadi karakana ya seremala.

“Nikukatie vipande vingapi, dada?”

“Vidogo. Visisomeke.”

Seremala alikata bila kuuliza. Desemba wakafunga ndoa. Yeye ndiye aliyetengeneza fremu ya pazia ambalo mizani ilikaa nyuma yake. Msimamizi aliandika barua tatu za onyo. Marehemu alizikunja, akazitumia kusawazishia mguu wa meza yake.

Kwa miaka thelathini na saba alimpima kila mama peke yake, akamnong’oneza kilo zake. Aliuliza anakula nini, na nani anapika. “Mwanangu, unakula kwa ajili ya wawili, siyo kiasi cha wawili,” aliwaambia, kisha akawatoa nje kutembea, mizunguko minne ya jengo, yeye mbele na sandali zake. Waliopungua uzito aliwafuata majumbani.

Mwaka 1996 aliingia binti wa msimamizi, mjamzito, uso umevimba. Marehemu alimpima presha, akapanda naye gari la wagonjwa. Mama na mtoto walipona. Baba mtu alipokuja kushukuru, alijibiwa mlangoni: “Kilo tatu kwa wiki moja, mzee. Zilezile. Mimi sikuzicheka.” Mlango ukafungwa. Kisa hicho alitusimulia kila mwaka, na kila mara alikifurahia upya.

Aligunduliwa kuwa na saratani Agosti 2023. Alifariki tarehe 17 Januari 2024, saa tatu asubuhi, mikononi mwa bintiye. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na kaka.

Msimamizi mstaafu yuko nasi, na ameomba kutoa neno. Wapo ndugu waliosema ni mtu mzima, aachiwe. Lakini marehemu aliandika kwa mkono wake: “Akija, mpeni kiti cha mbele. Kipaza sauti asipewe.”

Kiti amepewa. Atakayezungumza ni binti yake, yule wa mwaka 1996.

Shangazi, sasa pumzika kwa amani.